Mmoja Akijibu Inatosha

Hajjat Sauda aliingia kwenye kikao akiwa amechelewa, kama kawaida yake, na kabla sura yake haijatulia kwenye kioo cha kompyuta akatoa salamu kwa sauti ile ile ya sokoni: "Asalaam alaykum!" Tulikuwa tumekusanyika kumkumbuka Bwana Kuldip Singh, aliyefariki Jinja mwezi uliopita, wengine tuko Jinja, wengine Mbale, wengine Nairobi, wengine Uingereza, kila mtu kwenye kijidirisha chake. Sisi Waislamu tukaitika wote kwa mpigo. Wasiokuwa Waislamu nao wakaitika kwa heshima. Mashine ikachukua nusu ya neno la huyu na robo ya neno la yule, ikatutemea mkwaruzo mmoja mrefu, halafu kimya. Wawili wakaanza pamoja: "Samahani, endelea wewe." "La, la, endelea wewe." Wakanyamaza pamoja, wakaanza tena pamoja. Na mimi, niliyekuwa nimekaa sebuleni kwangu Mafubira na leso ya kufutia machozi mkononi, nikaangua kicheko katikati ya msiba. Jaspal, mtoto wa marehemu, ndiye aliyekuwa akiongoza kikao kutoka chumba cha nyuma cha duka la baba yake. Aliinua mkono. "Nyamazeni kwanza wote," akasema. "Hajjat ametusalimu. Baba angejua nani ajibu." Kisha akakaa, akisubiri, na Hajjat huko Mbale naye akakaa akisubiri, uso wake mzee umejaa ucheshi. Wengine walitazamana wasielewe. Mimi nilielewa, na kwa muda nikashindwa kufungua maiki, maana mwaka mzima wa ujana wangu ulinijia kwa pamoja, na harufu yake.

Harufu yenyewe ilikuwa ya risasi ya kulehemu, tangawizi na achari ya maembe. Duka la Bwana Kuldip lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na kaunta, ambako niliuza betri, nyaya na vipuri vya redio. Cha nyuma kilikuwa na meza ndefu iliyoungua ungua, taa ya kuinama, na kompyuta zilizofunguliwa matumbo. Kwenye meza ile walikaa mafundi, na mafundi pekee. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nilikuwa nimepanga chumba Mpumudde, na sikutaka kitu kingine chochote duniani isipokuwa kukaa kwenye meza ile. Mjini walimwita Bwana Kuldip Kalasinga, naye aliitika bila kinyongo. Mimi aliniita Kaunta. "Kaunta, leta chai." "Kaunta, mteja huyo." Saa ya chakula mkewe alituletea dengu na chapati, tukala wote kwenye kile chumba cha nyuma, mafundi mezani, mimi nimesimama mlangoni ili nione wateja. Nilikula polepole makusudi. Nilisikiliza kila walilozungumza, na kila jioni nilirudi kwangu nikiwa nimeshiba maneno kuliko chapati. Nikaanza kuwauliza maswali. Baadaye nikaanza kuwajibu maswali yao, jambo ambalo halikumfurahisha kila mtu, lakini Bwana Kuldip alikuwa akitafuna huku akiniangalia kwa jicho moja.

Hapo ndipo ikaja kazi ya Mbale. Hajjat Sauda alikuwa mnunuzi wa kahawa, mwenye maghala mjini kwake na vijijini: moja chini ya mlima Wanale, moja Nakaloke, moja Namatala, na jingine Nyondo, upande wa pili wa mlima. Alikuwa amesikia kuna kompyuta zinazoongea bila waya, na akaamua kwamba maghala yake yatakuwa ya kwanza kuongea hivyo katika nchi nzima ya Bugisu. Kila asubuhi makarani wake wangepata bei ya siku kutoka nyumbani kwake, nao wangemtumia hesabu ya magunia. Fundi mkubwa wa dukani alikuwa amehamia Kampala, mwingine alikuwa ameugua. Bwana Kuldip akanitazama juu ya miwani. "Kaunta," akasema, "wewe napenda kujua kila kitu. Haya, enda Mbale, funga hii mambo. Ikishika, unarudi hapa, unakaa kwa meza. Isiposhika, unarudi kwa kaunta, na hiyo maswali yako unaacha huko mlimani." Nilijibu "Sawa bwana" kwa utulivu mkubwa, nikatoka nje, nikageuka pembe ya jengo, nikaruka juu na chini mpaka mwendesha boda aliyekuwa akisubiri abiria akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Mbale nilifikia kwa Hajjat mwenyewe. Alinipa kitanda katika chumba kimoja na magunia ya kahawa, na hadi leo kahawa mbichi ikinipita puani huwa nahisi usingizi mtamu. Tulisimamisha mlingoti mrefu juu ya paa lake, unaoonekana pande zote za mlima, na kwenye kila ghala tukafunga antena inayotazama mjini. Ghala la chini ya Wanale lilikuwa chini ya karani aitwaye Mariam Khainza, msichana wa rika langu, mpole wa sauti na mkali wa hesabu, aliyenishikia ngazi siku nzima mvua ikitunyea na hakulalamika mara moja. Siku taa ya kijani ilipowaka kwenye kisanduku chake, tulikumbatiana na matope yetu. Jioni ile niliwasha kompyuta ya Hajjat, nikatuma salamu Wanale, Wanale ikajibu. Nikatuma Nakaloke, ikajibu. Namatala, ikajibu. Nyondo, nyuma ya mlima wote ule, ikajibu! Nilimpigia Bwana Kuldip nikampa habari kwa kupiga kelele, kana kwamba na yeye alikuwa nyuma ya mlima. Akasema, "Vizuri. Ngoja asubuhi."

Asubuhi ilikuwa aibu tupu. Maghala yalifunguliwa, makarani wote wakaketi kuomba bei ya siku, na hakuna kilichopita. Taa za kijani zote zinawaka, mawimbi yana nguvu, na barua za kompyuta hazifiki. Zikifika, zinafika vipande. Adhuhuri, watu wakienda kula, kila kitu kinapita laini kama siagi. Wakirudi kazini, mtandao unakufa tena. Makarani wakanunua kahawa kwa bei ya jana, na Hajjat akanijia na uso ambao sitausahau. Nilifanya ambalo mtu yeyote angefanya: niliongeza nguvu. Niliinua milingoti. Nilibadilisha nyaya. Bwana Kuldip alinitumia kutoka Jinja vifaa viwili vya kukuza mawimbi, nikafunga kimoja Nakaloke, na Nakaloke ikapiga kelele vizuri sana hata Wanale ikanyamaza kabisa. Nikafunga cha pili Wanale. Hali ikawa mbaya zaidi kwa wote. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeanza, na Hajjat, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi akiwa amefunga, aliniambia siku moja akiwa ananawa: "Mwanangu, mimi nakupenda. Lakini mwezi wa Idi ukiandama hii kitu haijashika, vyuma vyako vinashuka kwa paa langu. Naanika huko maharage yakauke." Nikaenda kukaa kati ya magunia yangu. Nilijiona nimeshasimama nyuma ya kaunta, nauza betri, naulizwa kama zile ndogo zipo, na naona aibu kusema kwamba nililia.

Sasa niseme juu ya futari za nyumba ile, kwa sababu mambo yote yaligeukia pale. Chumba cha wanawake kilikuwa kirefu, kimetandikwa mazulia mpaka ukutani, na dirisha lake lilitazama ukingo wa Wanale, ambao jua la jioni huufanya mwekundu kabla halijazama. Tulikaa chini kuzunguka sinia: tende, uji wa mtama wenye ndimu, mihogo, na malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, ambayo Mugisu atakuapia kwamba bila hayo hajala. Wanawake walizungumza wote kwa pamoja, na la ajabu ni kwamba kila mmoja alisikia kila kitu. Tena pale kando ya thermosi ya chai kulikuwa na redio ya mkononi, ile ya kubonyeza ndipo uongee. Tulikuwa tumegawa moja moja kwa kila ghala wakati wa kufunga antena, na Hajjat aliipenda yake mno hata akakataa kuirudisha. Kila jioni, adhana ikishatoka na tende ya kwanza ikishamezwa, aliichukua, akabonyeza, akawasalimu makarani wake waliokaa maghalani wakilinda mali: "Asalaam alaykum!" Na kila jioni alijibiwa na mkwaruzo mbaya, krrrr, kama mtu anayeburuta bati kwenye lami. Hajjat aliiweka chini redio kwa hasira. "Hawa watoto hawana adabu. Mimi nawasalimu, wao nanijibu makelele."

Jioni moja, siku za mwisho mwisho za Ramadhani, Mariam Khainza alikuwa ameshuka kutoka Wanale kufuturu nasi. Hajjat alitoa salamu, redio ikakwaruza, Hajjat akalaumu. Mariam akaweka chini bakuli lake la uji. "Hajjat, samahani," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Mimi najibu kila siku. Salamu ni deni, siwezi kuacha. Hata wa Nakaloke nimemuuliza, na yeye najibu kila siku."

"Mnajibu wote?" akasema dada yake Hajjat, aliyekuwa akimenya muhogo. "Si mnajua kwa dini yetu, watu wakisalimiwa wako pamoja, mmoja akijibu inatosha?"

"Ndiyo, mama. Lakini mimi nikiwa kule juu nasikia Hajjat peke yake. Nakaloke simsikii, Namatala simsikii. Mlima unanifunika, na redio ni ndogo. Nangoja kidogo, nasikia kimya, nasema, aa, hakuna amejibu. Nabonyeza."

"Na wa Nakaloke?"

"Na yeye nasikia kimya. Na yeye nabonyeza."

Sikumbuki nilichofanya na malewa yangu. Wanasema niliyamwaga kwenye zulia, na dada yake Hajjat alinikumbusha hilo mpaka alipofariki. Ninachokumbuka ni kwamba nilisimama wima katikati ya wanawake waliokaa na kusema kwa sauti kubwa, "Hawasikiani!" Wakanitazama. "Hawasikiani! Wote wanamsikia Hajjat, Hajjat anawasikia wote, lakini wao kwa wao hawasikiani!" Nilikuwa nimesikia mafundi wa Jinja wakieleza mara mia, nikiwa mlangoni na chapati mkononi: kompyuta hizi zote hutumia njia moja tu ya hewani, hakuna anayepewa yake. Kwa hiyo kila moja, kabla ya kusema, husikiliza kwanza. Ikisikia mwenzake anasema, hungoja. Ikisikia kimya, husema. Wawili wakigongana kwa bahati mbaya, kila mmoja hunyamaza kwa muda wake, usiolingana na wa mwenzake, kisha hujaribu tena. Ni adabu nzuri, na katika chumba kimoja inafanya kazi, kama ilivyofanya kazi kwenye lile zulia. Lakini adabu ya kusikiliza ina faida gani ikiwa huyo unayemsikilizia yuko nyuma ya mlima? Wanale ilisikiliza, ikasikia kimya, ikatuma. Nakaloke nayo ikasikiliza, ikasikia kimya, ikatuma. Barua zao zikakutana kwenye paa la Hajjat zikavunjana. Na mimi nilikuwa nimewapa vipaza sauti! Usingizi haukunijia hata kidogo. Nilijilaza kwenye magunia nikitabasamu gizani kama mwehu.

Asubuhi nilihakikisha. Nilimwomba Mariam atume peke yake, wengine wakae: ikapita. Nakaloke peke yake: ikapita. Wote wawili pamoja: kifusi. Nikarudia, kwa sababu nilikuwa nafurahia. Kisha nikampigia Bwana Kuldip. "Bwana, hatuhitaji nguvu tena. Nang'oa vile vifaa vyako." Nikamweleza yote, salamu na uji na mlima. Upande wa pili nikasikia kiti kikivutwa na kurasa zikifunuliwa. "Ngoja," akasema. "Iko kitabu ya hii kadi. Nakumbuka kitu." Akanisomea maelekezo ya kadi ya mtandao, ukurasa kwa ukurasa, yeye akitafsiri, mimi nikifuata kwenye kompyuta, mpaka tukafika mahali pa kuwasha jambo ambalo kiwanda kilikuwa kimeliacha limezimwa. Likiwashwa, kompyuta yenye barua haitumi barua kwanza. Inatuma neno fupi tu kwa kituo cha katikati, kile cha kwa Hajjat: naomba kusema. Kituo kinajibu: ruhusa, Wanale, sema. Na kwa kuwa kituo kinasikika kote, Nakaloke na Namatala na Nyondo nao wanalisikia lile jibu, wanajua njia imeshikwa, wanatulia mpaka Wanale amalize. Hakuna anayehitaji kumsikia mwenzake. Inatosha wote wamsikie mmoja.

"Lakini itachelewesha," Bwana Kuldip akasema. "Kila mtu naomba ruhusa, naomba ruhusa. Mteja nataka haraka."

"Bwana, sasa hivi haraka yao inafika wapi?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Haya. Washa. Nakuja mwenyewe kuona."

Siku zilizobaki nilizimaliza juu ya boda. Kila ghala lilitaka kuguswa kompyuta yake, na mvua ya Mbale haikunihurumia kwa sababu nimefunga. Nilipofika Nyondo nilikuwa wa rangi moja na barabara. Mariam aliniuliza kama tunaweza kuzitendea redio za mkononi vivyo hivyo, maana alikuwa amechoka kuitwa asiye na adabu. Tukakaa mlangoni pa ghala lake, tukapanga: Hajjat akisalimu, kila karani ajibu moyoni, midomo ikitaka na itikisike, lakini asibonyeze. Atakayejibu hewani ni mmoja, na atakuwa mtu aliye pale pale mjini, kwenye kituo cha katikati, kwa sababu huyo ndiye anayesikika kila upande wa mlima. Wengine wakimsikia watajua deni limelipwa. Maana yake mimi, nikiwa na redio ya pili kando ya Hajjat. Hajjat alikwenda kumuuliza sheikh wake kama inafaa. Alirudi akicheka, akasema sheikh naye amecheka, na inafaa.

Bwana Kuldip aliwasili siku ambayo watu walianza kutazama mbingu. Ilikuwa alasiri, soko limejaa wanunuzi wa Idi, na kwenye maghala yote palikuwa na foleni ya wakulima waliotaka kuuza kabla ya sikukuu. Wakati mbaya kuliko wote, au mzuri kuliko wote. Aliketi kwenye kiti cha Hajjat mwenyewe, kilemba chake cha buluu kimenyooka, akavaa miwani na kusema, "Ambia wote watume. Saa hii. Pamoja." Nikawaambia. Nikaikalia mikono yangu. Kioo kilikaa kitupu kwa muda ambao mpaka leo naona ulikuwa mrefu kupita kiasi, halafu barua ya Wanale ikaingia, nzima. Ikaja ya Namatala. Ikaja ya Nyondo, ikaja ya Nakaloke, tena Wanale, tena Nyondo, moja baada ya nyingine bila kugusana, na mimi nilikuwa nimeshika mdomo kwa mikono miwili. Hajjat alisema "Mashallah" kimya kimya mara nyingi. Bwana Kuldip alitazama kioo, akatazama mlingoti kupitia dirishani, akatazama ile redio ya mkononi kando ya thermosi. Mariam ndiye aliyekuwa amemhadithia kwa simu mpango wetu mpya wa salamu, hilo nilikuja kulijua baadaye. Aliichukua, akabonyeza, na yeye Singh mwenye kilemba chake akasema kwa makarani wote wa mlima: "Asalaam alaykum!"

Hewa ikawa safi kabisa. Hakuna mkwaruzo, hakuna bati wala lami. Katika kila ghala mtu alikuwa amesimama na redio yake, midomo inatikisika, kidole mbali na kitufe, anasubiri. Nami nilikuwa nimezama kwenye zile barua zinazoingia mpaka Hajjat akanipiga kiwiko ubavuni. "Wewe! Wanakungoja!" Nikaokota redio ya pili, nikabonyeza, nikajibu kwa niaba yao wote. Sauti yangu ilipanda juu kama ya mtoto.

Bwana Kuldip alinigeukia, tulikuwa chumba kimoja, angeweza kuniambia usoni tu. Lakini hakuiweka chini redio. Aliinua, akabonyeza tena, akasema polepole, kila neno mahali pake, kwenye ile njia moja ya wote: "Asante, fundi."

Wanale walisikia. Nakaloke, Namatala, hata Nyondo nyuma ya mlima walisikia. Alijua fika kwamba neno likishasemwa pale halirudi tena. Mwezi uliandama jioni ile, nami baada ya Idi nilirudi Jinja, nikapita kaunta bila kusimama, nikakaa kwenye meza.

Nimekaa kwenye meza ile, na nyingine kama hiyo, tangu siku hiyo. Sasa nafundisha mitandao chuoni hapa hapa Jinja, na wanafunzi wangu wakifika kwenye somo la vituo visivyosikiana wanajua lazima watasikia habari za malewa. Kwenye kioo cha kikao chetu, vijidirisha vyote vilikuwa bado kimya. Nyuma ya Jaspal niliiona meza yenyewe, na majeraha yake ya moto, na kiti cha baba yake kimesukumwa ndani. Mke wa marehemu aliinama karibu na kompyuta ya mwanawe. "Fundi," akasema, "tunakungoja."

Nikafungua maiki, nikajibu kwa niaba ya wote.